Kabla ya gridi: watu wa Meru waliishije?



Hivi karibuni hapa Sekei tulikaa siku tatu bila umeme, na maji ya bomba nayo yakaingia mgomo. Mimi nikajiona mjanja. Nilikuwa nimesoma makala za Wamarekani wanaojiandaa kuishi miaka mingi nje ya gridi, kila mtu na ghala lake, basi nami nikanunua unga kilo 25, maharage kilo 10, nikajaza madumu manne ya maji na kuweka taa ya sola. Siku ya kwanza nilitamba. Siku ya pili wapangaji wenzangu wote walishajua nani ana maji. Siku ya tatu madumu yalikuwa matupu.

Bibi mwenye nyumba akanikuta nimekaa kibarazani, nimenuna.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kwani hayo maji ulitaka uyanywe peke yako, mtoto wa jirani analia kiu?" Halafu akaniambia neno ambalo halijanitoka kichwani: "Kule mlimani hatukuwa na bomba. Lakini maji hayakuwahi kumwishia mtu mmoja. Yakiisha, yameisha kwa wote."

Ikabidi nianze kusoma. Kumbe historia ya mlima huu ni historia ya watu waliojua kuishi bila gridi kabla gridi haijazaliwa.

Tuanze na maji. Wameru walishika miteremko ya kusini-mashariki, na Waarusha wakahamia upande wa kusini-magharibi kutoka Arusha Chini kwenye miaka ya 1830. Wote walichimba mifereji ya kuchepusha mito hadi mashambani. Mfereji hauna mwenye kuumiliki peke yake. Una zamu za kumwagilia na una siku ya kuusafisha, na asiyetokea na jembe siku hiyo alitozwa faini. Ukimkosea mwenzako wa juu, wewe wa chini unakauka. Kwa hiyo kabla ya kuhifadhi maji, watu walihifadhi ujirani.

Chakula je? Migomba ndiyo ilikuwa ghala. Mahindi unayavuna yote kwa mkupuo kisha unahangaika na wadudu, lakini mgomba unasimama shambani na kutoa mkungu wakati huu na ule. Ng'ombe walifungiwa zizini na kukatiwa majani, samadi ikarudi kwenye migomba. Mahindi yalipokuja yaliwekwa darini juu ya moto wa jikoni, moshi ukawa dawa. Moto ule ule ulipika, ukatoa mwanga usiku na kulinda nafaka. Na loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi na maziwa mgando tunaougombania leo kwenye sherehe, ni chakula cha watu wasio na friji: maziwa yameshaganda, hayakusubiri umeme.

Mtihani mkubwa ulikuja miaka ya 1890. Ugonjwa wa sotoka ulifagia ng'ombe wa Wamaasai kuanzia mwaka 1890 na 1891, ndui ikafuata. Kwenye nyanda watu walikufa kwa njaa, na walionusurika wengi walipanda mlimani kwa Waarusha, ambako kulikuwa na mashamba na maji. Walipokelewa kwa sababu walikuwa na undugu, lugha moja, hata rika moja za vijana. Hapo ndipo nilipoelewa swali la bibi: akiba ya Mmaasai wa mwaka 1891 ilikuwa shemeji yake wa mlimani.

Lakini tusijidanganye kuwa mambo yote yalikuwa asali. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri. Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani akaja kulipiza kisasi: nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, migomba ikakatwa. Angalia hilo la migomba. Mkungu mmoja ukiibiwa unapona, ila shamba likikatwa unasubiri mwaka au zaidi upate chakula. Yule mkoloni alijua ghala liko wapi. Mwaka 1900 likajengwa boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho, na wenyeji ndio waliobeba mawe.

Miaka 55 baada ya Akeri yakaja mengine. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Wakaelekezwa Kingori, wengi wakakataa, wakaenda kubanana na ndugu zao mlimani. Mwaka 1952 Kirilo Japhet na wakili Earle Seaton wakafikisha kesi Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, ila waliofukuzwa walikuwa na pa kulala. Ndugu tena!

Sasa kuna sehemu inayonitisha kidogo. Ukitoka Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, utafika Engaruka. Kuanzia karne ya 15 hadi ya 18 hivi, watu waliishi pale kwenye vijiji saba vya mawe, wakilima mtama kwenye mashamba ya umwagiliaji yenye ukubwa wa kilomita za mraba 20 hivi. Mifereji, kuta, samadi ya ng'ombe wa zizini, kila kitu kilipangwa. Mjerumani Fischer alipopita mwaka 1883 alikuta magofu. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba mito ilipungua maji. Ushirikiano walikuwa nao, maarifa walikuwa nayo. Maji ndiyo yaliwaacha.

Na sisi wa leo tuna tofauti gani? Mwaka 2006 nchi nzima iliingia kwenye mgao mkali kwa sababu mabwawa kama Mtera yalikauka. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, nalo linategemea mvua. Gridi yetu, ukiitazama vizuri, ni mfereji mrefu tu, ila siku ya kuusafisha hatuitwi.

Hapa Sekei migomba imepisha vyumba vya kupanga, changu kikiwemo. Kuchimba kisima nako kuna mtego. Maji mengi ya mlima huu wa volkano yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ndiyo maana meno ya wengi wetu ni ya kahawia. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua sufuriani, floridi inabaki. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Mkaa huo huchoka baada ya muda na lazima ubadilishwe, kwa hiyo hata hapo unahitaji watu wa kuchangishana na kukumbushana.

Sisemi msinunue madumu. Mimi nimeongeza mawili. Ila Jumamosi iliyopita wapangaji sita tulikaa kikao, tukachanga hela ya tenki moja la uani na kupanga zamu ya kulijaza. Asiyetokea zamu yake analipa faini. Bibi ndiye aliyependekeza faini, na ndiye mtunza hela.

Kwenu je? Umeme ukikatika wiki nzima, unajua jina la jirani wa mlango wa tatu?