Chumba cha Udi: Nyumba Zetu na Ala za Muziki

Wanaoandika historia ya muziki wetu hupenda kuanza na majina ya waimbaji. Baada ya waimbaji huja tungo, kisha vyama, kisha sahani za santuri. Hawana kosa, maana sauti ndiyo inayobaki masikioni mwa watu. Lakini mwalimu asimamapo mbele ya darasa kuueleza muziki wa nchi hii afanya vema kuuliza swali jingine, la chini zaidi: ngoma hiyo, udi huo, kanuni hiyo, ililala wapi usiku usio na shughuli? Na yule aliyeipiga alijifunzia katika chumba cha nani? Wimbo waweza kubebwa kichwani kutoka Kigoma hadi Kilwa bila mzigo wowote. Ala ina mwili, na kila chenye mwili hudai mahali pake. Aliyekuwa na mahali hapo ndiye, mara nyingi, aliyeamua nani apige, apige nini, na mpaka saa ngapi.

Katika vijiji vyetu vya zamani jambo hili halikuwa na uzito mkubwa kwa ala ndogo. Mgogo aliyekuwa na zeze lake aliliangika kwenye nguzo ndani ya tembe, na ilimba, yaani marimba ya mkono, ikafungwa katika ngozi au kitambaa ili vyuma vyake visile kutu. Mazoezi yalifanyika machungani, ambako hapana jirani wa kulalamika isipokuwa ng'ombe. Ngoma za mti nazo zilipata faida kwa kuwekwa karibu na moshi wa jiko, kwa sababu moshi huwafukuza fukusi na mchwa na kuikausha ngozi. Baadhi ya marimba za kusini mwa nchi ziliondoa taabu yote kwa werevu wa ajabu: vipande vya mti hulazwa juu ya magogo mawili ya mgomba, huchezwa, na shughuli ikiisha migomba hutupwa na vipande hufungwa kama mzigo wa kuni. Hapo chombo kizima huwa kimetoweka hadi siku nyingine.

Ngoma za utawala zilikuwa na habari nyingine kabisa. Katika Usukuma, kama katika nchi nyingi za maziwa makuu, ngoma za mtemi hazikuwa mali ya mpigaji. Zilikaa katika himaya yake, zikawa na watunzaji wake, na hazikuguswa ovyo. Kuwa nazo kulikuwa sehemu ya kuwa mtemi. Kwa hiyo Serikali ya Tanganyika ilipouondoa utawala wa machifu mwaka 1963, halikuwa jambo la watu na vyeo pekee. Ngoma zilipoteza nyumba. Nyingine ziliendelea kukaa katika jamaa za watemi, pengine kwenye pembe ya ghala. Nyingine zikakusanywa Bujora, karibu na Mwanza, katika makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement pamoja na wenyeji katika miaka ya 1950. Huko zimepewa banda lake maalumu. Mwanafunzi azitazamapo na akumbuke kwamba banda lile ni jibu la swali lililowakabili watu kweli: tuziweke wapi ngoma ambazo mwenye nyumba yake hayupo tena?

Sasa tuteremke pwani, maana huko ndiko swali la chumba lilikokuwa gumu kuliko kote. Nyumba za mji husongamana, na muziki wa mjini ulipenda ala zilizotaka matunzo. Taarabu ya Unguja ilianza katika jumba la mfalme. Inasimuliwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri kijana aitwaye Muhammad Ibrahim ajifunze kanuni. Fikiria kwanza chombo chenyewe. Kanuni ni sanduku pana na jembamba lenye nyuzi zipatazo au kupita 70, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja la nyuzi hizo limekanyaga juu ya ngozi. Hewa yetu ya bahari yenye maji huilegeza ngozi, hulainisha gundi na kuharibu usawa wa nyuzi. Kuilinganisha sauti yake si kazi ya dakika mbili. Hapana mtu awezaye kuitunza kanuni katika chumba ambamo watoto watano wanalala na sufuria zinapikwa. Hutaka meza yake, kifuniko chake, na mlango wenye kufuli. Jumba la mfalme lilikuwa na vitu hivyo vyote, na kwa hiyo likawa na kanuni.

Chama cha Ikhwani Safaa kilipoundwa mwaka 1905, vijana wa mjini walikuwa wanafanya jambo ambalo kwa macho yangu ni kubwa kuliko linavyosemwa. Waliutoa muziki ule katika jumba la mtu mmoja wakautia katika mikono ya kundi. Chama ni watu na michango yao, hilo tunalijua. Lakini chama cha muziki ni ufunguo pia. Ala zilizonunuliwa kwa fedha ya wote hazikuweza kulala kwa mmoja bila manung'uniko, na mazoezi ya fidla, udi na dumbaki kwa pamoja hayakuwezekana katika sebule ya mtu kila jioni. Ndiyo maana historia ya vyama vya taarabu, Unguja hata Dar es Salaam, haitengani na historia ya nyumba za vyama: ukumbi ulioko wapi, nani anaulipia kodi, nani anaweka ufunguo. Chama hubaki chama hata kikikosa mwimbaji kwa mwaka mzima. Kikikosa chumba, ala hutawanyika majumbani mwa wanachama, na kuzikusanya tena ni kazi ya kutia uchungu.

Waliobaki nje ya ufunguo huo walikuwa wanawake. Mwanamke mwenye kujistahi hakuweza kuingia kilabuni mwa wanaume usiku na kukaa na udi mapajani. Hapo ndipo ukubwa wa Siti binti Saad unapoonekana kwa upande ambao wanafunzi wetu hawafundishwi sana. Binti huyu wa Fumba alikuja mjini mwaka 1911, akafunzwa na Ali Muhsin, akaungana na wanamuziki kama Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Maalim Shaaban na Mbaruku Effandi Talsam. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kutia sauti yake katika santuri. Mambo hayo ameyaeleza Shaaban Robert katika wasifu wake. Nyongeza yangu ni hii tu: Siti hakuwa na jumba la mfalme, wala hakuwa mwanachama wa kilabu cha mabwana. Alikuwa na nyumba yake Ng'ambo. Humo wenzake walikutana, humo nyimbo zilipikwa na kujaribiwa, na majirani wakazisikia kabla ya mabwana wa mjini kuzilipia. Nyumba ya Ng'ambo ilikuwa na udongo na makuti pale ambapo jumba la mjini lilikuwa na mawe na chokaa. Sauti haikuzuiliwa na ukuta. Kwa mwanamuziki hilo ni dhiki na ni neema kwa wakati mmoja. Jirani huudhika, lakini jirani huyo huyo huujua wimbo kwa moyo.

Wanawake waliomfuata waliunda vyama vyao, kama Nuru el-Uyun na Sahib el-Arry, na wakakutana ndani ya nyumba zao wenyewe. Na tusisahau kwamba mwanamke alikwisha kuwa mtunza ngoma tangu zamani, kabla ya udi kufika. Ngoma za unyago hukaa kwa kungwi. Mwanamume hazioni, na chumba kinachozihifadhi ni chumba chenye heshima yake. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alisifiwa duniani kwa taarabu, lakini kwao alikuwa pia mwenye ngoma ya unyago, na mamlaka hayo hakupewa na kilabu chochote.

Tuingie sasa katika nyumba ambayo wengi wetu tumekulia, nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, Tanga au Morogoro. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, ua nyuma, baraza mbele. Kila chumba kina mpangaji wake na jamaa yake. Mpangaji wa namna hiyo akipenda gitaa, atalipiga wapi? Chumbani kuna mtoto mchanga. Ukumbini wanapita watu. Uani wanafua na kupika. Imebaki baraza, na kwa kweli barazani ndipo vijana wengi walipojifunzia, wengine kwa gitaa la galoni lililotengenezwa kwa nyaya za breki za baiskeli. Baraza lilikuwa shule isiyo na ada, ila lilikuwa na mtihani mkali: wapita njia husimama wakipendezwa, na wasipopendezwa husema.

Gitaa la umeme, ngoma za kizungu na vipaza sauti havikuweza kukaa chini ya kitanda cha mpangaji, wala mshahara wake haukuweza kuvinunua. Ndipo muziki wa dansi ukapata sura ambayo ni vigumu kuieleza bila kuzungumzia vyombo. Dar es Salaam Jazz iliyoanza mwaka 1932 na Morogoro Jazz ya 1944 zilikuwa vyama vya watu waliochanga. Baada ya uhuru mlezi akawa mwingine: NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa bendi ya jumuiya ya wafanyakazi. Wanamuziki walipata mshahara wa kila mwezi, wakapata vyombo, wakapata ukumbi wa kufanyia mazoezi mchana. Kwa vijana wa vyumba sita lilikuwa jambo la ukombozi, na sioni haya kulisifu. Ila gharama yake ilikuwapo. Mwanamuziki alipohama bendi alitoka mikono mitupu, kwa kuwa gitaa alilolipiga kwa miaka kumi lilikuwa mali ya wenye bendi. Mwaka 1985 Muhidin Maalim na Hassani Bitchuka walipoiacha Mlimani Park na kwenda Orchestra Safari Sound, mji mzima ulizungumza juu ya sauti zilizohama. Vyombo havikuhama, na katika miaka ile ya upungufu wa fedha za kigeni, mwenye vyombo ndiye aliyeweza kuunda bendi. Wanamuziki wetu hodari wa zama hizo, kwa sehemu kubwa, hawakuwa na ala nyumbani. Walifanya mazoezi pale vyombo vilipo, katika saa alizozipanga mwenye vyombo, na bendi ilipovunjika hawakuwa na cha kuwafundishia watoto wao.

Nyumba zenyewe nazo zilikuwa zinabadilika. Zanzibar, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, zilijengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki nyumba za ghorofa Kikwajuni, kisha Michenzani, na watu wa Ng'ambo wakahamia humo kutoka nyumba za udongo. Walipata maji ya bomba, umeme na vyoo vya ndani, na asiyethamini mambo hayo hajapata kuteka maji kwa zamu. Lakini baraza halikupanda ngazi pamoja nao. Zege hubeba mlio wa dumbaki hadi kwa mgonjwa wa ghorofa ya tatu. Vyama vyenye ukumbi viliendelea vizuri, kama Mila na Utamaduni, kilichoanza mwaka 1958 kwa jina la Shime Kuokoana. Kijana asiye katika chama ndiye aliyepungukiwa. Katika miaka yangu ya utumishi nimepata kutazama ramani kadhaa za nyumba za watumishi na za shule, na ndani yake nimeona stoo ya majembe, stoo ya mipira, mara nyingine hata chumba cha bendera. Chumba cha ngoma sijakiona, ingawa shule hizo hizo hutakiwa kuleta ngoma kila afikapo mgeni. Ngoma za shule huishia ofisini mwa mwalimu mkuu, nyuma ya kabati, zimepasuka.

Hapana budi kulitazama jambo hili tunapolaumu taarabu ya kisasa. Tangu miaka ya 1990 makundi kama East African Melody yameweka kinanda cha umeme mahali pa fidla, kanuni na nai, na wazee husema vijana wamekuwa wavivu. Pengine wapo wavivu. Lakini kinanda cha umeme hubebwa kwapani, hulala chini ya kitanda, hakilegezwi na umande, na chaweza kusikilizwa masikioni na mpigaji peke yake jirani akiwa usingizini. Kwa mtu wa chumba kimoja hizo ni sababu za nguvu, na kanuni haina jibu kwake mpaka mtu ampe ukumbi. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002 katika jengo la forodha ya zamani huko Mji Mkongwe, kilikuwa jibu la namna hiyo: vyumba vya kujifunzia, walimu wazee, na ala ambazo mtoto wa maskini angeweza kuzishika. Mwishoni mwa mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba kilikuwa hatarini kufungwa kwa ukosefu wa fedha.

Wapo hata hivyo wanaopata njia. Kuna nyumba katika miji yetu ambako udi hufungwa ndani ya kanga kuukuu na kuangikwa juu ya kabati, mbali na dirisha la upande wa bahari. Kijana huushusha baada ya sala ya alasiri, saa ambayo watoto wamo madrasani na wanawake wamo uani, akaupiga kwa unyoya laini mpaka magharibi. Mpangaji wa chumba cha pili hugonga ukuta mara moja kumtaka anyamaze. Akigonga mara mbili, anataka wimbo urudiwe.