Helicobacter pylori na saratani ya tumbo

Helicobacter pylori ni bakteria aliyejipinda kama parafujo, anayeishi chini ya ute unaofunika ukuta wa ndani wa tumbo. Wengi humpata utotoni, aghalabu kutoka kwa watu wa nyumbani, na asipotibiwa hukaa miongo mingi. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilimweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

Kwa muda mrefu madaktari waliamini kuwa tindikali ya tumbo haiachi kiumbe hai. Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia, walionyesha vinginevyo. Walifaulu kumwotesha maabarani mwaka 1982, baada ya sahani za majaribio kuachwa siku kadhaa wakati wa Pasaka. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wa bakteria hao, akapata mchochota wa tumbo. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Bakteria huyu hujikinga kwa kimeng'enya kiitwacho yurea­zi, kinachovunja urea na kutoa amonia ya kupoza tindikali inayomzunguka. Aina zilizo kali zaidi hudunga ndani ya seli za tumbo protini iitwayo CagA, ambayo hulegeza viungio vya seli na kuvuruga ishara za ukuaji.

Hata hivyo, madhara makubwa hutokana na mwili wenyewe kujihami. Chembe nyeupe za damu humiminika kwenye ukuta wa tumbo na kutoa kemikali kali za oksijeni. Bakteria hafi, na chembe hazirudi nyuma, kwa hiyo kemikali hizo huunguza DNA ya seli za jirani mwaka baada ya mwaka. Seli zinazokufa hulazimu nyingine kugawanyika upesi, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa jipya. Kimeng'enya COX-2 nacho huongeza prostaglandini E2, inayohimiza uvimbe kukua. Katika Chuo Kikuu cha Kanazawa, Japani, panya waliobadilishwa jeni ili waote uvimbe tumboni walifugwa pasipo vijidudu vyovyote, na uvimbe wao ukadorora; walipoingiziwa bakteria, ukashamiri tena.

Pelayo Correa, mwanapatholojia kutoka Kolombia, alieleza ngazi za safari hiyo: mchochota sugu, kunyauka kwa tezi za tumbo, ukuta wa tumbo kugeuka kufanana na wa utumbo, seli kuharibika sura, kisha saratani. Safari huchukua miongo, na wengi hawafiki mwisho wake. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2001 uliwafuatilia watu 1,526: kati ya 1,246 walioambukizwa, 36 walipata saratani, ilhali kati ya 280 wasio na bakteria, hakuna hata mmoja.

Ushahidi unaoshawishi zaidi ni limfoma ya MALT, saratani ya chembe za kinga zilizokusanyika tumboni kwa sababu ya bakteria huyu. Ikigunduliwa mapema, mara nyingi hunywea kwa antibiotiki tu. Saratani ya kawaida ya tumbo haiko hivyo. Kumwondoa bakteria kabla tezi hazijanyauka hukinga vizuri. Baada ya ukuta kugeuka, hatari hupungua bila kwisha, na mgonjwa huendelea kupimwa kwa endoskopi.