Mbinu za kuwafunza watoto mabara na bahari za dunia

MTOTO wa chekechea anaweza kuyataja mabara yote saba kwa wimbo pasipo kukosea hata moja. Hata hivyo, akiulizwa yeye mwenyewe anaishi katika bara lipi, huenda akajibu Kenya, au Nakuru, au kwa nyanya. Jibu hilo si dalili ya uzito wa akili. Ni ishara kwamba amepewa majina kabla ya kupewa picha ya vitu vyenyewe.

Mabara hayo, kuanzia kubwa hadi dogo, ni Asia, Afrika, Amerika Kaskazini, Amerika Kusini, Antaktika, Ulaya na Australia. Bahari kuu ni tano: Pasifiki, Atlantiki, Hindi, Kusini na Aktiki. Maji ya bahari hufunika takriban asilimia 71 ya uso wa dunia. Orodha hii ni fupi, na kuikariri si kazi ngumu. Kazi ya mwalimu na mzazi ni kumwelewesha mtoto maana yake.

Maneno ya nyumbani

Kikwazo cha kwanza kimo katika lugha. Mtoto wa Mombasa husikia kwamba baba amesafiri kwenda bara, yaani Nairobi au Kisumu. Akifika darasani anaambiwa kwamba bara ni Afrika nzima, Mombasa ikiwemo. Hali kadhalika, mtoto aliyezoea kusikia kwamba mjomba yuko majuu anaweza kudhani kuwa huko ni nchi moja iliyo mahali fulani angani. Hajui kwamba mjomba aliye Marekani na shangazi aliye Ujerumani wametenganishwa na Bahari ya Atlantiki.

Naye aliyelelewa kando ya Ziwa Victoria, asiyeiona ng'ambo ya pili ya maji, ana kila sababu ya kuliita bahari. Yafaa aelezwe kwamba ziwa limezungukwa na nchi kavu na maji yake hayana chumvi, ilhali bahari kuu ni za maji ya chumvi, tena zimeungana zote. Mashua ikitoka Kilindini inaweza kufika pwani ya kila bara bila kubebwa nchi kavu.

Ili mtoto aelewe kwamba mahali padogo pamo ndani ya pakubwa, sufuria za jikoni zatosha. Ndogo kabisa iwe kijiji, inayofuata kaunti, kisha Kenya, kisha Afrika, na kubwa kuliko zote iwe dunia. Akizipachika moja ndani ya nyingine kwa mikono yake mwenyewe, hatasema tena kwamba Afrika ni nchi.

Tufe kabla ya ramani

Mwaka 1992 watafiti Stella Vosniadou na William Brewer walichapisha uchunguzi kuhusu jinsi watoto 60 wa shule ya msingi nchini Marekani walivyoielewa dunia. Wengi walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba dunia ni mviringo. Hata hivyo, baadhi waliifikiria kama sahani bapa ya duara, na wengine kama mpira ulio wazi ndani, watu wakiishi humo. Walikuwa wamejaribu kupatanisha neno la mwalimu na ardhi bapa waliyoiona kwa macho.

Ndiyo maana inafaa mtoto ashike tufe kabla ya kuonyeshwa ramani ukutani. Shule isiyo na tufe inaweza kulitengeneza kwa puto lililobandikwa vipande vya magazeti kwa gundi, kisha likapakwa rangi ya samawati na mabara yakachorwa juu yake. Watoto wakirushiana tufe hilo na kutazama kidole gumba cha kulia kimeangukia maji au nchi kavu, wataona baada ya mara nyingi kwamba maji hushinda.

Baada ya hapo na aletwe chungwa lililochorwa mabara kwa kalamu. Likimenywa na ganda kulazwa mezani, hupasuka au kukunjamana. Halikubali kuwa bapa. Hapo mtoto atajionea kwamba kila ramani ya karatasi imeuvuta au kuubana uso wa dunia mahali fulani.

Somo hili lina uzito wa pekee kwa mtoto wa Kiafrika. Ramani ambayo Gerardus Mercator aliitoa mwaka 1569 iliwafaa mabaharia, kwani iliwasaidia kushika mwelekeo, lakini hukuza mno nchi zilizo mbali na Ikweta. Humo Greenland huonekana kukaribia ukubwa wa Afrika. Ukweli ni kwamba Afrika, yenye takriban kilomita milioni 30 za mraba, ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Mnamo Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuachana na ramani hiyo na kutumia zinazoonyesha ukubwa halisi wa mabara, mathalani ile ya Equal Earth iliyobuniwa mwaka 2018.

Picha zinazobandikwa kwenye ramani nazo zichunguzwe. Chati yenye simba na twiga pekee barani Afrika, na majumba marefu pekee barani Ulaya, humfunza mtoto jambo ambalo mwalimu hakukusudia. Jiji la Nairobi nalo lina haki ya kuonekana.

Bahari kama njia

Mwishowe, mtoto asidhani kwamba bahari ni mpaka tu. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja pwani ya Afrika Mashariki kutoka Uarabuni na Bara Hindi kwa upepo wa kaskazi, yakarejea kwa kusi. Mtoto akiifuata njia hiyo kwa kidole juu ya tufe, Bahari ya Hindi hugeuka kutoka jina la kukariri ikawa mahali watu walikopita, naye Asia ataifikia akianzia kwao.