Mionzi ya saratani kutibu mapigo ya moyo: kweli ipo, na mipaka ipo

Hapa kwetu mtu akisema moyo wamwenda mbio, huambiwa ni presha, ni mawazo, au kahawa tungu imemzidi. Mara nyingi si jambo la kutisha. Lakini ipo aina moja isiyo na mchezo, ile inayoanzia vyumba vya chini vya moyo.

Chanzo chake aghalabu ni kovu. Mtu alipata mshtuko wa moyo zamani, akapona, ila sehemu ya msuli iliyokufa ikabaki kovu. Umeme wa moyo hunaswa ukizunguka kando ya kovu hilo, na moyo hupiga hata mara 200 kwa dakika. Kwa kasi hiyo haupati nafasi ya kujaa damu. Mtu huzimia, na anaweza kufa papo hapo.

Tiba zilizozoeleka ni dawa, kifaa kinachopachikwa kifuani ili kuushtua moyo ukivurugika, na mrija mwembamba unaopitishwa mshipa wa paja hadi moyoni kuchoma njia mbovu. Kifaa huokoa maisha lakini hakiondoi ugonjwa, na waliowahi kushtuliwa nacho hufananisha na teke la punda. Mrija nao mara nyingine haufiki, kovu likiwa ndani sana, au mgonjwa ni dhaifu mno.

Hao ndio walioshughulikiwa na daktari wa moyo Phillip Cuculich na daktari wa mionzi Clifford Robinson wa Washington University, St. Louis, Marekani. Mgonjwa alivishwa fulana yenye vihisi 256, umeme wa moyo ukachorwa ramani pamoja na picha za CT, bila kuingizwa chochote moyoni. Kisha mashine ileile ya kutibu saratani ikalenga pale palipo na hitilafu, dozi moja tu ya grei 25. Kwa wastani ilichukua dakika 14.

Matokeo yalichapishwa Desemba 2017. Katika miezi 3 kabla ya tiba, wagonjwa 5 kwa jumla walipatwa na mapigo hayo mara 6,577. Baada ya wiki 6 za mwanzo kupita, yalitokea mara 4 tu, katika muda unaofika miezi 46 ukijumlisha wagonjwa wote. Namba tamu hizo, na ndizo zinazosambazwa. Kisichosambazwa ni kwamba mmoja wao, wa miaka 83, alifariki kwa kiharusi wiki 3 baada ya tiba. Mwaka 2019 walitoa matokeo ya wagonjwa 19. Kati ya 18 walioweza kupimwa, 17 walipata nafuu, ingawa wapo waliopata uvimbe wa mapafu au wa utando unaozunguka moyo.

Mwaka 2021 watafiti wa chuo hichohicho walionyesha jambo lililonivutia zaidi: mionzi haikuwa inaunguza njia mbovu kama ilivyodhaniwa, bali inazifanya seli zilizo hai zipitishe umeme kwa kasi zaidi.

Naandika haya kwa sababu ya michango yetu ya kupeleka wagonjwa India. Kabla hamjafungua kikundi cha kuchanga, muulizeni daktari wa moyo: mapigo haya yatoka vyumba vya juu au vya chini? Kuna kovu? Dawa na mrija vimeshajaribiwa? Mpapatiko wa vyumba vya juu, ambao ndio walio nao wazee wengi, una tiba zake nyingine, na mionzi hii haikubuniwa kwa ajili yake.