Pesa yako inalala wapi?

Nikitaja tu forex, mtu ananiuliza: broka gani ni poa? Nikimuuliza yeye huangalia nini, ananitajia bonasi, ama skrinshoti ya faida ya msee fulani. Hakuna anayeuliza pesa yake italala wapi usiku. Mimi nauliza, na sababu yangu iko mbali kidogo, mji wa Cedar Falls, jimbo la Iowa, Marekani.

Huko kulikuwa na mzee anaitwa Russell Wasendorf. Kampuni yake, PFGBest, ilikuwa broka wa futures na forex. Si ati ilikuwa kampuni ya mfukoni. Ilikuwa imesajiliwa, ina jengo la maana, na wakaguzi walikuwa wanakuja. Kwa karatasi, zaidi ya dola milioni 200 za wateja zilikuwa benki. Kumbe kwa akaunti kulikuwa na kama milioni 5.

Alifanyaje? Hapa ndipo nilichoka. Photoshop, skana na printa. Taarifa ya benki ikifika, lazima aletewe yeye, bila kufunguliwa. Anatengeneza yake, inafanana na ya benki kabisa. Wakaguzi wakiandikia benki kuthibitisha, barua inaenda kwa sanduku la posta alilofungua yeye mwenyewe. Anajijibu. Alikiri kwamba alifanya hivyo karibu miaka 20!

Julai 2012 mambo yaliharibika kwa sababu wasimamizi walikuwa wameanza kuuliza benki moja kwa moja mtandaoni. Ni hivyo tu. Januari 2013 akafungwa miaka 50.

Kinachouma zaidi kilikuja baadaye. Wateja wa futures walikuwa na sheria inayowapa nafasi ya kwanza kwa pesa iliyobaki. Wa forex hawakuwa nayo, wakapangwa nyuma pamoja na wadai wengine. Mwizi mmoja, foleni mbili.

Huku kwetu, kanuni za forex ya mtandaoni zilikuja 2017, chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ile CMA. Broka wa kwanza alipata leseni 2018. Kanuni zinataka pesa za wateja zikae kando na pesa za kampuni. Na kuna kitu watu wengi hawajui: hata mtu wa kukutreidia pesa yako anahitaji leseni yake. Kwa hivyo yule kijana wa Telegram anayejiita meneja wa akaunti, muulize yake iko wapi.

Rafiki yangu mmoja wa chuo hakuuliza. Alituma 15,000 kwa namba ya simu ya mtu, akapewa ukurasa wa kuona pesa ikipanda kila siku. Alipotaka kutoa, akaambiwa alipe kodi kwanza. Akalipa. Hajaona kitu mpaka leo, na ile namba kwa skrini bado inapanda. Ni Photoshop ya Wasendorf tu, imehamia kwa simu.

Najua utaniambia PFGBest pia ilikuwa imesajiliwa. Kweli, na ndiyo maana sikomei kwa leseni. Naenda kwa tovuti ya CMA mwenyewe, sifuati linki ya mtu, natafuta jina la kampuni lenyewe, si lile la matangazo. Halafu nasoma mkataba nione nasajiliwa na kampuni ya Kenya ama na dada yake aliye kisiwani huko nje, kwa sababu kama ni huyo dada, CMA haitakusaidia sana. Mwisho naweka pesa kidogo, ya lunch tu, na kabla sijatreidi chochote naitoa yote. Ikichelewa na hadithi zianze, naishia hapo, hata bonasi ikiwa tamu namna gani.