Kompyuta na Kiswahili cha Migodini

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza jinsi kompyuta ilivyofunzwa kusoma Kiswahili, na kuuliza endapo usomaji huo unawafaa wasemaji wa Kakanda, mji wa shaba na kobalti katika ukanda wa Likasi.

Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili: ngazi ya umbo linaloandikwa na ngazi ya mofimu zinazolijenga. Kuanzia mwaka 1985 Arvi Hurskainen aliishughulikia kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili. Kwa njia hiyo kompyuta huweza kuligawa neno *watakapowaona* kuwa *wa-taka-po-wa-on-a*, na kutambua watendaji, wakati na watendwa.

Hata hivyo, kanuni hizo zilitungwa kwa Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Kiswahili cha Katanga kina historia nyingine. Kilikua hasa katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ambako watu wa makabila mengi walihitaji lugha moja ili kazi iende. Huku husemwa *batoto*, si *watoto*. *Bitu*, si *vitu*. Kompyuta iliyofunzwa usanifu pekee huyahesabu maumbo hayo kuwa makosa, ilhali yana utaratibu wake.

Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990, alisaidiwa na Kalundi Mango, aliyeisoma kwa sauti, kwa kuwa tahajia yake haikufuata kanuni moja. Aidha, mwaka 1996 Vincent de Rooij alionyesha kwamba maneno ya Kifaransa kama *mais* na *donc* huwasaidia wasemaji wa Shaba kupanga hoja zao. Kuchanganya lugha, basi, si fujo; ni njia mojawapo ya kuelewana.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Onyo la hatari mgodini likipitishwa katika mashine isiyoielewa lugha ya mchimbaji, atakayeumia ni mchimbaji. Nadharia ya ngazi mbili yenyewe inaruhusu kuongeza kanuni za *wa-* kuwa *ba-* na *vi-* kuwa *bi-*. Linalohitajika ni kurekodi mazungumzo ya wakazi wa Kakanda kwa idhini yao, na kuwashirikisha wao wenyewe katika kuyanakili. Kalundi Mango alikwisha kutuonyesha kwamba maandishi haya humhitaji msomaji aliyeizoea sauti yake.