Mnyaa kama zao la nishati

Mnyaa, ambao kwa jina la kitaalamu huitwa Euphorbia tirucalli, ni mti wa matawi membamba ya kijani yatoayo utomvu mweupe mara yanapovunjwa, na kwa vizazi vingi umepandwa kuwa ua wa nyumba na mazizi katika sehemu kavu za Afrika Mashariki, zikiwemo Dodoma, Singida na Ukambani. Majani yake ni madogo mno na hupukutika mapema, hivyo usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, hufanywa na matawi yenyewe. Matawi hayo hufungua vinyweleo vyake usiku, joto likiwa limepungua, yakavuta hewa ukaa na kuihifadhi katika umbo la asidi, kisha mchana huitumia vinyweleo vikiwa vimefungwa, na kwa njia hiyo maji kidogo tu hupotea. Mahali kama Dodoma, ambako mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 600 na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, sifa hiyo ina uzito mkubwa.

Katika miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda, mwanakemia wa Marekani Melvin Calvin, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1961, alipendekeza mnyaa na mimea ya jamii yake ilimwe ili utomvu wake usafishwe kuwa mafuta. Wazo hilo halikufika sokoni. Njia yenye matumaini zaidi ni bayogesi. Sehemu kubwa ya uzito wa tawi bichi ni maji, jambo linaloufanya mnyaa kuwa kuni mbaya, lakini ndani ya mtambo, ambamo bakteria huozesha matawi yaliyokatwakatwa pasipo hewa na kutoa gesi ya methani, unyevu huo hupunguza maji ya kuteka kisimani, na tope linalobaki huwa mbolea.

Ili kuupanda mnyaa, kipande cha tawi huachwa kivulini mpaka kidonda kikauke, ndipo kichomekwe ardhini. Mvunaji hana budi kukinga macho na ngozi, kwani utomvu wake, ambao wavuvi huutumia kulevya samaki, huunguza na waweza kumpofusha mtu kwa muda.

Mbono kaburi, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, nao ulisifiwa kama zao la nishati katika miaka ya 2000, kisha mbegu zake zikawa haba, kwa maana mmea kustahimili ukame si sawa na kuzaa vizuri katika ukame. Zaidi ya hayo, ardhi inayodhaniwa kuwa tupu mara nyingi ni malisho ya wafugaji, na kwa sababu hiyo nyua za mnyaa zilizopo, ambazo kwa vyovyote hupogolewa, zinastahili kutangulia kabla ya shamba lolote jipya kufyekwa.